Sisimizi Mmoja Mwenye Kuvu Hamalizi Koloni

Mteja mmoja aliniletea kopo tupu la unga wa Metarhizium, kuvu inayoua wadudu, akilalamika kwamba ameuziwa unga mbovu, kwa sababu aliwapaka sisimizi wachache na kiota kilikuwa bado hai. Unga haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika dhana ambayo nimechoka kuisikia: kwamba sisimizi huishi wamebanana, kwa hiyo mgonjwa mmoja huwaambukiza wote.

Kuvu hiyo humwua bila taabu sisimizi aliyetengwa peke yake. Akirudi kiotani kabla spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hazijapenya ngozi yake ngumu, wenzake humlamba tangu vipapasio vya kichwani hadi miguu, huzikusanya spora katika kifuko kilicho ndani ya mdomo, huzifinyanga kuwa kidonge na kukitema. Spishi zenye asidi ya fomiki, sumu wanayoitengeneza mwilini, humsafisha kwa asidi hiyo pia. Wanaomlamba huambukizwa kidogo tu, na katika spishi ya sisimizi iitwayo Lasius neglectus ilionekana mwaka 2012 kwamba dozi hiyo ndogo huamsha kinga yao. Mguso ule ule unaotegemewa uwaue ndio unaowachanja! Zaidi ya hayo, utafiti wa mwaka 2018 uliowabandika sisimizi wa spishi ya Lasius niger alama ndogo na kuwafuatilia kwa kamera ulionyesha kwamba, baada ya wachache wa watafuta chakula kupakwa spora, hata wenzao ambao hawakupakwa walibadilisha mienendo, makundi ya ndani yakazidi kutengana, na malkia akawa mbali na hatari.

Wengine hudai kwamba kila mgonjwa huuawa mara moja. Si kweli kwa sisimizi wazima walioguswa na spora, ingawa pupa (sisimizi ambaye bado hajakomaa) ambaye kuvu imekwisha kumwingia hutolewa katika kifukofuko chake, hutobolewa na kumwagiwa asidi. Wala anayefia nje si lazima awe amefukuzwa: sisimizi wa spishi ya Temnothorax unifasciatus anayekaribia kufa huondoka mwenyewe.

Anayetaka kuliondoa koloni atumie chambo chenye sumu inayochelewa kufanya kazi, kwa maana sisimizi hugawiana chakula mdomo kwa mdomo na sumu huwafikia malkia na mabuu kabla wabebaji hawajafa. Na tafadhali, asipulizie dawa nyingine karibu na chambo hicho, kwani watakikwepa.