Spoila au Bawa? Namna ya Kusoma Kanuni za Hewa Katika Mbio za Kasi za Bonneville

Kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani, gari halikimbizani na gari jingine. Hukimbia peke yake kwenye mstari ulionyooka, likishindana na saa. Wiki ya Kasi ya huko, inayosimamiwa na SCTA, chama cha kupima kasi cha Kusini mwa California, ilianza mwaka 1949, na wengi wanaoshiriki ni watu waliounda magari yao gereji ya nyumbani kwa pesa zao wenyewe. Ukivunja rekodi, unachopata ni jina lako kitabuni. Kwa hiyo ubishi kuhusu kipande cha bati unaweza kuchukua asubuhi nzima.

Sababu ya ubishi huo iko kwenye hesabu. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendokasi, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Gari la kilomita 200 kwa saa likitaka kufika 250, kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu ya kupambana na hewa lazima iwe karibu maradufu. Kuongeza nguvu hiyo kwenye injini ni ghali. Kuziba tundu la hewa kwenye bodi ni kazi ya jioni moja. Watunga kanuni wanalijua hilo, na ndiyo maana magari hugawanywa katika madaraja kwa kuangalia bodi pamoja na ukubwa wa injini.

Mfano ulio wazi ni daraja la magari yaitwayo leksta. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la ziada la mafuta la ndege ya kivita ya P-51, lenye umbo la tone la maji, akaligeuza kuwa bodi ya gari. Matangi ya aina hiyo alikuwa ameyaona vitani, Pasifiki. Daraja lililozaliwa hapo linaruhusu bodi iteleze hewani utakavyo, ila magurudumu lazima yabaki wazi. Ukiyafunika umeingia daraja la strimlaina, ambako rekodi ziko juu mno. Sasa mtu anaweka kibamba mbele ya tairi, bila kuligusa, na kusema hajafunika kitu. Hewa haijali kama bati limegusa tairi. Mimi ningekuwa mkaguzi, ningemwuliza swali moja tu: ukikiondoa, gari litapoteza nini?

Swali hilo linafaa pia kwa sinia la chini ya injini. Sinia la kukinga mafuta yasimwagike njiani ni kifaa cha usalama. Likirefushwa hadi ekseli ya nyuma, limekuwa sakafu laini ya kupitishia hewa, hata kama mwenye gari bado analiita sinia.

Spoila na bawa huchanganywa zaidi, hata na mafundi wazoefu. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni hiki: spoila imeshikamana na bodi na hewa hupita upande wake mmoja, ilhali bawa limeinuliwa na hewa hupita juu na chini yake. Daraja linaloruhusu la kwanza halijaruhusu la pili. Mwanya wa vidole viwili kati ya bati na buti unatosha kukuhamisha daraja.

Wageni wengi hudhani spoila iko pale kukandamiza gari chini tu. Kwenye chumvi tairi hushika vibaya kuliko kwenye lami, ni kweli, lakini njia ni ndefu na uzito hauumizi sana, hivyo wengi hubeba vipande vizito vya madini ya risasi ndani ya gari. Kazi nyingine kubwa ya bati la nyuma ni ile ya manyoya ya mshale: kuvuta kitovu cha msukumo wa hewa nyuma ya kitovu cha uzito, ili gari likiyumba lirudi kwenye mstari.

Likishindwa kurudi, likageuka ubavu, paa lililopinda hugeuka kuwa bawa lenyewe na gari huweza kuruka. Hapo ndipo zinapofaa reli nyembamba za paa, zinazolazwa kutoka mbele kwenda nyuma. Gari likienda sawa, hewa hupita sambamba nazo. Likigeuka ubavu, reli hukata mkondo na kupunguza nguvu ya kunyanyua. Hazimpi dereva hata nukta ya kasi, na hazipaswi kuhesabiwa pamoja na vifaa vya kuteleza hewani.

Kanuni huchapishwa upya kila mwaka, kwa hiyo toleo la rafiki yako la msimu uliopita liache kabatini. Usisome kwa kutafuta lisilokatazwa. Kwenye madaraja ya magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani, soma kwa kutafuta lililoruhusiwa. Kukiwa na shaka, mwandikie mkaguzi kabla ya kukata bati, ukiambatisha mchoro wenye vipimo na picha za ubavuni na za chini. Jibu lake lichapishe, ubebe nakala hadi chumvini, maana atakayeinama chini ya gari lako siku hiyo huenda asiwe yeye aliyekujibu.