Ini na vidonge vya maumivu: maswali kutoka Busia

Maswali haya yaliulizwa na wahudumu wa afya wa vijiji, upande wa Busia ya Uganda.

Parasetamoli inauzwa hadi kwenye vioski, karibu na sabuni. Itaharibuje ini?

Ukimeza kipimo sahihi, haiharibu. Sehemu kubwa ya dawa hubadilishwa na ini kisha hutoka na mkojo. Sehemu ndogo hupitia vimeng'enya (protini za mwili zinazobadilisha kemikali) vya kundi la P450 na kugeuka kitu kikali kiitwacho NAPQI. Kwa kawaida hakifiki mbali, kwa sababu ini lina akiba ya glutathioni inayokidaka papo hapo. Ukizidisha dozi, NAPQI huwa nyingi na akiba huisha. Inayobaki hung'ang'ania protini za seli, na seli hufa. Kwa hiyo sumu haikuwemo kwenye kidonge. Ini lenyewe ndilo limeitengeneza.

Nani aliyajua haya yote?

Wataalamu wa kemia ya mwili, na haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 1948 huko New York, Bernard Brodie na Julius Axelrod walichunguza asetanilidi, dawa ya zamani ya maumivu iliyokuwa ikiharibu damu. Wakaona kwamba mwili huigeuza kuwa parasetamoli, na hiyo ndiyo inayotuliza maumivu. Axelrod hakuwa na shahada ya uzamivu wakati huo. Aliipata mwaka 1955, akiwa amevuka miaka 40. Katika miaka hiyo ya 1950 alikuwa anafuatilia vimeng'enya vya ini vinavyobadilisha dawa. (Tuzo yake ya Nobeli ya 1970 ilihusu kazi nyingine, ya mishipa ya fahamu.) Mwaka 1973 kundi la Marekani alimokuwemo Brodie, pamoja na Jerry Mitchell na David Jollow, lilionyesha kwa panya kwamba ini huanza kufa pale glutathioni inapokaribia kwisha. Mimi naona ugunduzi huo ndio wenye faida kubwa zaidi kwetu, maana ulifungua njia ya kupata dawa ya kuokoa.

Vingapi ndivyo vingi?

Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na apishe angalau saa 4 kati ya dozi. Watu wengi hawazidishi kwa makusudi. Duka la dawa linakupa vidonge kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa "2x3" bila jina la dawa. Jioni unanunua vidonge vya mafua, navyo vina parasetamoli ndani yake. Usiku jino linauma, unaongeza viwili. Mwambie muuzaji aandike jina kwenye bahasha. Akinuna, mwache anune.

Ndugu yangu amemeza vingi lakini anasema hana neno.

Mpeleke hospitali sasa hivi, na ubebe pakiti ya dawa. Siku ya kwanza mtu anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asihisi chochote, huku ini linaendelea kuungua. Macho ya njano huja baadaye. Dawa yake ni N-asetilsisteini, inayolipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Aliyechelewa pia apelekwe.

Na mnywaji wa waragi?

Pombe ya kila siku huongeza kimeng'enya kinachotengeneza NAPQI, na mlevi asiyekula vizuri huwa na glutathioni kidogo. Mtu kama huyo aulize kwanza kipimo chake, kwani gramu 4 zinaweza kumzidi.

Tulianza dawa za TB pamoja. Kwa nini mwenzangu ndiye aliyepata macho ya njano?

Miongoni mwa dawa hizo kuna isoniazidi. Ini huishughulikia kwa kimeng'enya kinachorithiwa: wengine wanacho cha haraka, wengine cha polepole, na hawa wa polepole ndio walio hatarini zaidi. Umri mkubwa, pombe na homa ya ini navyo huongeza hatari. Ukikosa hamu ya kula, ukitapika, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukiumwa chini ya mbavu za kulia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo unakochukulia dawa na useme wazi unachohisi. Ini likipimwa, daktari anaweza kusimamisha dawa kwa muda, kisha azirudishe moja moja. Usiziache kimyakimya nyumbani, maana TB nayo haitasimama.