Maji meusi ya kiwanda cha karatasi si taka tu

Wengi huamini kwamba maji meusi mazito yanayobaki vipande vya miti vikishapikwa kuwa rojo la karatasi ni uchafu wa kumwagwa mtoni. Tangu miaka ya 1930 viwanda vikubwa huyachoma kupata mvuke na umeme, na kurejesha dawa za kupikia.

Ndani yake mna lignini, inayoshikanisha nyuzi za mti. Kiwanda cha Sunila, Ufini, kilichofungwa mwaka 2023, kilianza kuichuja mwaka 2015: kabonidioksidi hupulizwa, lignini ikaganda, ikaoshwa, ikakaushwa ikawa unga wa kahawia. Kwenye gundi ya plaiwudi unga huo hushika nafasi ya sehemu ya fenoli, kemikali ya gundi itokanayo na petroli. Sehemu tu, jamani. Formaldehaidi, kemikali nyingine ya gundi hiyo, yenye sumu, mara nyingi bado imo.