Hakimu hakumpa nyumba

"Korti imempa nyumba yule mnunuzi." Neno hili, kuhusu mtu aliyenunua mnadani nyumba iliyoshindwa kulipiwa mkopo na korti ikamtoa aliyekuwa humo, nimelisikia tena Jumapili baada ya ibada, hapa Dallas, na safari hii aliyelisema ni mzee ninayemheshimu, kwa hiyo nilinyamaza. Ngoja niliseme huku.

Hapa Texas, kesi ya kumtoa mtu kwenye nyumba huanzia kwa hakimu wa ngazi ya chini kabisa, wanayemwita hakimu wa amani. Kuhusu nyumba yenyewe, sheria inamruhusu kuamua jambo moja tu: nani ana haki ya kukaa humo kwa sasa. Nyumba ni ya nani kwa hati, hilo ni la mahakama ya wilaya. Hakimu huyu si lazima awe mwanasheria, na kesi husikilizwa kati ya siku ya 10 na ya 21 tangu ifunguliwe. Historia ya hati haifukuliwi kwa mwendo huo.

Kinachotuponza ni neno letu "kumiliki". Malkia, mamlaka, milki, yote yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kutawala na kuwa na mali. Sisi tukalibebesha hata kile kitendo cha kuwa na kitu tu. Magazeti yanaandika kijana kakamatwa kwa "kumiliki bangi", utadhani polisi walimkagua risiti. Alikutwa nayo, basi. Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, hawakuchanganya: wana milki, na wana yad, yaani mkono. Kitu kinaweza kuwa mkononi mwako na kikabaki milki ya mwenzio. Na Mombasa nani asiyejua habari ya nyumba bila ardhi? Kuta na paa ni vyako, kiwanja kina mwenyewe, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Hakuna mtu kule anayehitaji kuelezwa kwamba kukaa mahali ni shauri moja na umiliki ni shauri jingine. Tukivuka bahari tunasahau.

Turudi kwenye mnada. Nyumba ambazo mikopo yake haikulipwa hapa hunadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Mikataba mingi ya mkopo ina kipengele kwamba nyumba ikinadiwa nawe usipotoka, unageuka mpangaji wa kuvumiliwa tu. Kipengele hicho ndicho kinachompa hakimu wa amani njia: anakutoa kama mpangaji, hati haigusi. Ukisimama mbele yake ukapiga kelele kwamba mnada ulikuwa batili, hatakusikiliza, na si kwa sababu kahongwa. Hana mamlaka hayo. Pale ambapo haki ya kukaa haiwezi kuamuliwa bila kwanza kuamua hati ni ya nani, anatakiwa kuiacha kesi hiyo. Rufaa unayo ndani ya siku 5, na mahakama ya kaunti itaisikiliza kesi upya kabisa, lakini nayo inabaki na swali lile lile la nani akae.

Kwa hiyo mzee wangu, yule mnunuzi amepewa funguo. Kama mnada ulikuwa na kasoro, kesi ya hati inafunguliwa mahakama ya wilaya, hata sambamba na hii, na alichoamua hakimu wa amani hakimfungi jaji wa huko kuhusu nyumba ni ya nani.