Hakuna 'end' ndani ya 'friend'

Ile picha imeanza kuzunguka tena. Maneno matatu ya Kiingereza, yenye herufi kadhaa zilizopakwa nyekundu: 'friend' lina 'end', 'believe' lina 'lie', 'lover' lina 'over'. Chini yake mtu ameandika kwamba lugha yenyewe inatuonya: urafiki una mwisho, imani ina uongo katikati, na mapenzi huisha. Kama yangebaki mapambo ya mtandaoni ningenyamaza. Kinachonikera ni kwamba yameingia darasani. Mwanafunzi anaambiwa hivi ndivyo Kiingereza kinavyounda maneno, na kwamba akikutana na neno geni atafute neno fupi lililojificha ndani yake. Akifuata ushauri huo atapotea kila siku.

Tuanze na 'friend'. Katika Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, liliandikwa 'frēond'. Kulikuwa na kitenzi 'frēogan', kupenda, na ile 'nd' ya mwishoni ilifanya kazi inayofanywa na '-aye' yetu katika 'apendaye'. Rafiki, basi, ni apendaye. Pacha wake ni 'fēond', kutoka kitenzi cha kuchukia: achukiaye, yaani adui, na ndilo 'fiend' la leo. Yaweke mawili hayo sambamba utaona mkato unapopita. 'Nd' ni kiambishi. 'E' iliyo mbele yake ni ya upande wa pili wa mkato. 'End', mwisho, lilikuwa 'ende', neno zima lenye mzizi wake. Kijerumani kimeyaweka yote matatu peupe hadi leo: Freund, Feind, Ende.

'Believe' halihitaji muda. 'Be' ni kiambishi awali, kinachobaki ni ndugu wa 'love'. 'Lie' la uongo lilikuwa 'lēogan'. Mjerumani husema glauben kwa kuamini na lügen kwa kudanganya, wala hayachanganyi. 'Lover' ni 'love' na 'er', basi.

Naelewa kwa nini msemaji wa Kiswahili hushawishika upesi. Lugha yetu imemzoesha. Soma, somo, msomaji, somesha: ukiuona mzizi umeuona ukoo. Lakini hata kwetu kanuni hiyo ina mipaka. Tunasema kaa chini, kaa la moto na kaa wa baharini, na hakuna anayehubiri kwamba kaa wa baharini aliitwa hivyo kwa sababu anapenda kukaa. Paa wa porini hatumuungi na paa la nyumba. Kwa Kiswahili tunakuwa macho, kisha tukifika kwenye Kiingereza tunaamini kila herufi.

Na Kiingereza ndicho kinachostahili kuaminiwa kidogo zaidi, kwa kuwa tahajia yake iliganda huku matamshi yakiendelea kutembea. William Caxton alifungua matbaa yake Westminster mwaka 1476, wachapaji wakaanza kushikamana na tahajia fulani, na wakati huohuo irabu ndefu zilikuwa zinahama. Ndiyo maana 'ear', 'bear', 'heart' na 'earth' yana herufi tatu zilezile na matamshi manne tofauti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni 'one', moja, kwa sababu una jamaa wa kweli na wa kusingiziwa kwa pamoja. Tazama: alone, only, none, atone. Kisha: stone, bone, gone, done, money. Kundi la kwanza ni ukoo halisi. 'Alone' ni 'all one', mmoja tu bila mwingine. Baadaye watu wakalikata kichwa wakapata 'lone', na 'lonely' likafuata. 'None' ni 'ne' ya kukanusha iliyogandana na 'one': hata moja hakuna. 'Atone' ni 'at one', kurudi kuwa kitu kimoja na uliyemkosea. 'Only' ni 'one' na 'ly', ingawa 'e' imetoweka. Kundi la pili halimo kabisa. 'Gone' ni 'go' lenye 'n' ya kitendo kilichokwisha, na 'done' ni 'do' vivyo hivyo. 'Stone' lilikuwa 'stān' na 'bone' lilikuwa 'bān', maneno mazima yasiyogawanyika. 'Money' limepitia Kifaransa kutoka Kilatini 'moneta', na linarudi kwa Juno Moneta, mungu wa kike ambaye hekalu lake Roma lilihusishwa na utengenezaji wa sarafu.

Sasa sikiliza matamshi, maana hapa ndipo wengi huteleza. 'One' hutamkwa na 'w' ambayo haiandikwi. Hiyo ilikuwa lafudhi ya kimaeneo iliyoenea hadi ikawa ya wote, lakini 'alone', 'only' na 'atone' yalibaki na irabu ya zamani. Matokeo yake, sikio linasema 'one' na 'alone' si ndugu wakati ni ndugu, na linasema 'alone' na 'stone' ni ndugu wakati si ndugu. Kinachoyafanya 'alone', 'stone' na 'bone' yalingane ni kwamba yote yalikuwa na 'ā' ndefu, na 'ā' hiyo ikageuka 'ō' kila ilipokuwa. Ni mabadiliko ya sauti. Maana haikuhusika. Kwa 'two' mambo ni kinyume: 'w' inaandikwa bila kutamkwa, na ni ushahidi mzuri, kwa sababu bado inasikika katika twin, twice, twelve, twenty na between, yote yakiwa watoto wa mbili.

Ukitaka kujua kama mkato ni wa kweli, toa kipande unachokishuku uangalie kilichobaki. 'Stone' bila 'one' linaacha 'st', ambayo haina kazi popote. 'Alone' bila 'one' linaacha 'al', na hiyo utaikuta tena katika also, almost na already, ikiwa na maana ileile ya 'all'. Halafu fungua kamusi inayotoa asili ya maneno, usome umbo la kale kabisa, usiishie kwenye umbo la leo. Angalia pia tarakimu ndogo iliyo juu ya neno: kamusi inapoandika 'bark' mara tatu kwa namba 1, 2 na 3, kwa kawaida inakwambia asili ni tatu. Mbweko wa mbwa ni Kiingereza asilia, gome la mti limetoka kwa watu wa Skandinavia, na chombo cha majini kimepitia Kifaransa. Mwisho linganisha na lugha dada: Kijerumani au Kiholanzi kwa maneno asilia, Kifaransa na Kilatini kwa ya kukopa.

Usije ukaruka upande wa pili, ukaamini kwamba maana zikiachana basi asili zimeachana. 'Fast' la kasi, 'fast' la kukazwa na 'fast' la kujinyima chakula ni neno moja, na maana yake ya kwanza ni imara. Sisi tunaofunga mlango na kufunga saumu hatuna sababu ya kushangaa. 'Sound', kwa upande mwingine, ni maneno manne yaliyokutana njiani: sauti, uzima, mlangobahari, na kupima kina cha maji.

Kuna mahali siwezi kusema hapana kwa ukali uleule. 'Ear' la sikio na 'ear' la suke la nafaka ni mbali kabisa, Ohr na Ähre kwa Kijerumani, na lile la suke lina mzizi wa kitu chenye ncha. Lakini je, 'hear' lina 'ear' ndani yake? Wapo wanaisimu wanaosema kwamba mzizi wa kale kabisa wa kusikia, ulio pia katika Kigiriki 'akouein', uliunganisha ukali na sikio: kuwa na sikio kali. Wengine hawaridhiki, na mimi nayumba. Hata wakiwa sahihi, muungano huo ni wa zamani mno kuliko Kiingereza chenyewe, kwa hiyo 'h' jumlisha 'ear' bado si hesabu.

Na wakati mwingine kosa hushinda. 'Island' lilikuwa 'īegland', halikuwa na 's' hata moja. Watu wakalidhania jamaa wa 'isle', lililotoka Kilatini 'insula', wakalichomeka 's' ambayo haijawahi kutamkwa. Sisi tulifanya hivyohivyo na 'kitabu': 'ki' ilikuwa sehemu ya neno la Kiarabu, tukaifanya kiambishi cha ngeli, na leo 'vitabu' ni sahihi bila ubishi.

Linalonisumbua kweli ni makundi kama 'gl' na 'sn'. Glow, gleam, glitter, glint, glimmer: mwanga kila mahali, ila 'gl' si kiambishi, maana ukiiondoa hupati kitu. Mwanaisimu J. R. Firth aliyapa makundi ya aina hii jina la fonesthimu mwaka 1930, na mwaka 2004 mwanaisimu mwingine, Benjamin Bergen, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba msomaji hulitambua neno la 'gl' upesi zaidi akitanguliziwa jingine lenye sauti na maana ya kundi hilo. 'Glue' na 'globe' ni ya Kilatini, hayahusiki. 'Glad' linaonekana halihusiki, kumbe katika Kiingereza cha Kale lilimaanisha pia kung'aa. Kwa 'sn' tuna snore, sniff, snout, snot, yote ya puani, na 'sneeze', kupiga chafya, linakaa humo kama mzaliwa. Lakini lilianza kwa 'fn': 'fnēosan'. 'Fn' ilipokufa katika Kiingereza, wapo wanaosema 'f' ilisomwa vibaya kama 's' ndefu ya maandishi ya zamani, iliyofanana nayo sana, na wapo wanaosema neno lilivutwa na wenzake wa puani. Mimi naegemea upande wa pua, ingawa hoja ya mwandiko sijaweza kuivunja.