BIOS ni nini, na kwa nini kufomati hakuigusi

Ukiwasha kompyuta ya mezani, Windows huwa si ya kwanza kuamka. Ipo programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi), nayo huanza kazi mara tu umeme unapofika. Inakagua prosesa, inapima RAM, inaitafuta kadi ya picha, inaangalia kama kibodi imechomekwa, kisha inasaka diski yenye mfumo endeshi, mfano Windows, na kuuachia usukani. Programu hiyo ndiyo BIOS. Mashine za miaka ya karibuni zinatumia mrithi wake aitwaye UEFI, lakini mafundi wengi bado wanasema BIOS, nami nitasema hivyo hivyo.

BIOS ina ukurasa wake wa mipangilio. Ni ile skrini ya bluu au ya kijivu iliyojaa Kiingereza ambayo wengi wamewahi kuifungua kwa bahati mbaya wakaikimbia. Humo ndimo kompyuta inamoambiwa ianzie diski ipi, sasa ni saa ngapi, ifanye nini umeme ukirudi, na nani anaruhusiwa kuiwasha.

La kushika ni hili: mipangilio hiyo ni mali ya mazabodi, si ya diski. Unaweza kufomati, ukapiga Windows upya, hata ukanunua diski mpya ya SSD, na kosa lililoko kwenye BIOS likabaki pale pale. Fundi anayekimbilia kupiga Windows kabla ya kuangalia BIOS anakula hela yako bure.

Jina BIOS lilianza na Gary Kildall, mwandishi wa programu wa Marekani, kwenye mfumo endeshi wake wa CP/M, katikati ya miaka ya 1970. IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwaka 1981, ukurasa wa mipangilio haukuwepo. Ukitaka kuijulisha mashine ina RAM kiasi gani, ulifungua boksi ukasogeza viswichi vidogo kwa ncha ya kalamu. Mwaka 1984 ikaja PC/AT yenye chipu ya Motorola, MC146818, ambayo ndani yake mlikuwa na saa pamoja na kumbukumbu ya baiti 64. Ndiyo, 64 tu. Chipu ilikula umeme kidogo mno hivi kwamba betri iliweza kuishikilia hata mashine ikichomolewa ukutani. Teknolojia ya chipu za namna hiyo inaitwa CMOS, na jina hilo bado linaonekana kwenye skrini zetu leo.

Betri pia bado ipo. Fungua kompyuta yoyote ya mezani utaiona: duara la fedha mfano wa sarafu, limeandikwa CR2032, volti 3, upana milimita 20. Kwenye mashine mpya mipangilio huandikwa kwenye chipu isiyohitaji betri, na betri inabaki kuendesha saa. Kwenye nyingi za zamani, betri ikifa vyote vinapotea.

Dalili za betri iliyokufa zinafaa kujulikana, kwa sababu huwa zinasingiziwa mambo mengine. Asubuhi unawasha kompyuta ya ofisini, skrini nyeusi inaandika “CMOS checksum error” au “Time-of-day not set”, na kukutaka ubonyeze F1. Unabonyeza, Windows inafunguka kama kawaida, unasahau. Kisha unajaribu kuingia kwenye barua pepe na kivinjari kinakataa: muunganisho si salama. Ukijaribu benki, ni yale yale. Unalaumu bando, unabadilisha laini, unazima na kuwasha ruta. Kumbe tarehe pale chini kulia inasoma Januari ya mwaka wa zamani ambao watengenezaji waliuweka kuwa mwanzo. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa ya kompyuta yako cheti hicho bado hakijatolewa. Kivinjari kinafanya kazi yake sawasawa. Windows mara nyingine hujirekebisha saa kupitia intaneti, lakini kesho yake, baada ya waya kuchomolewa usiku, mchezo unarudi.

Kubadilisha betri ni kazi ya mikono yako mwenyewe. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, sukuma kibanio cha pembeni, na betri inachomoka. Mpya inakaa upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha unaingia BIOS kuweka tarehe na saa.

Kuingia kwenyewe kunategemea mtengenezaji. Dell ni F2, kompyuta za mezani za HP ni F10, nyingi za Lenovo za ofisini ni F1, na zile zilizoungwa na fundi kwa vipande mara nyingi ni Delete. Kitufe kinabonyezwa-bonyezwa mara tu baada ya kuwasha, kabla nembo haijaondoka. Ukiona mashine inakupita kila mara kwa mwendo kasi, ingia Windows, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha fuata Troubleshoot, Advanced options, hadi UEFI Firmware Settings. Mashine itakupeleka yenyewe, mradi ni ya UEFI.

Ndani kuna mambo mengi, na mengi hayakuhusu. Linalohusu watu wengi zaidi ni mpangilio wa kuanzia, unaopatikana kwenye ukurasa wa Boot. Ni orodha ya vifaa kwa zamu: BIOS inaulizia cha kwanza kama kina mfumo endeshi, kikikosa inaenda cha pili. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa ni za mtumba zilizotumika kwenye maofisi ya ng'ambo, na baadhi zilipangwa zianzie kwenye mtandao, ili idara ya kompyuta iweze kupiga mfumo kwenye mashine nyingi kwa mpigo. Ukiiweka sebuleni kwako, inatafuta seva ambayo haipo. Inaandika “Start PXE over IPv4” au “PXE-E61: Media test failure, check cable” (PXE ni hiyo njia ya kuanzia kwenye mtandao), na mnunuzi anarudi dukani akilia ameuziwa mbovu. Wakati mwingine ni kweli diski imekufa au haikuwekwa. Lakini kwanza ingia BIOS uone kama diski inatajwa. Ikitajwa, ipandishe iwe ya kwanza, hifadhi, toka. Isipotajwa, angalia waya wake kabla ya kununua nyingine.

Kwa kuwasha mara moja tu kutoka kwenye flashi, huna haja ya kugusa orodha hiyo. Kuna menyu ya muda: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Unachagua flashi, na safari ijayo mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Hapo ndipo watu wanapogongana na Legacy na UEFI. Legacy ni njia ya kizamani ya kuanzisha kompyuta, nayo inasoma diski zilizogawanywa kwa mtindo wa MBR, ambao ukomo wake ni terabaiti 2 hivi. UEFI inatumia mtindo wa GPT. Ukiwa na Windows iliyopigwa kwa njia moja, halafu mtu akageuza BIOS kwenda njia nyingine, diski ni nzima, mafaili yako yote yamo, lakini mashine inasema haioni pa kuanzia. Rudisha ilivyokuwa na kila kitu kinarejea. Kama unapiga upya kwenye mashine inayokubali UEFI, chagua UEFI. Sioni sababu ya kung'ang'ania Legacy isipokuwa una mfumo wa zamani kama Windows XP.

Secure Boot ni sehemu ya familia hiyo. Ilisambaa pamoja na Windows 8 mwaka 2012, na kazi yake ni kukataa kianzishi, yaani programu inayoamsha mfumo endeshi, kisicho na sahihi inayotambulika, ili kirusi kisijipenyeze kabla ya mfumo kuamka. TPM ni chipu, au sehemu ya prosesa, inayotunza funguo za usimbaji, yaani za kufunga data isisomwe na wengine. Windows 11, iliyotoka 2021, inataka TPM 2.0 na mashine yenye uwezo wa Secure Boot. Mashine kadhaa zilizoambiwa hazifai zilikuwa nazo ila zimezimwa. Kwenye BIOS ya mashine ya Intel tafuta neno PTT, kwenye AMD tafuta fTPM. Prosesa ikiwa ya zamani sana, hata hivyo, kuwasha TPM hakutaiokoa.

Kwenye kurasa za umeme kuna kipengele ambacho kwa nchi za umeme wa kukatika-katika kina maana kuliko wanavyofikiri walioandika kitabu cha maelekezo. Dell wanakiita AC Recovery. Wengine huandika After Power Loss au maneno ya karibu na hayo. Kinaamua umeme ukirudi mashine ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Kwa kompyuta ya nyumbani, acha ibaki imezimwa. Umeme unaporudi mara nyingi hupanda na kushuka, au hukatika tena baada ya muda mfupi, na kila kuwaka na kuzimika kwa ghafla ni hatari kwa mafaili yaliyo wazi. Kwa mashine inayorekodi kamera za duka usiku, chagua iwake yenyewe, la sivyo utakuja asubuhi ukute haijarekodi lolote tangu saa nne.

Nenosiri nalo lina aina mbili. Moja inamzuia mtu kuwasha kabisa, nyingine inamzuia kuingia kwenye mipangilio tu. Hiyo ya pili ni nzuri kwa maabara ya shule, wanafunzi wasije wakawasha mashine kwa flashi zao. Kwenye mtumba, nenosiri la mwenye zamani ni kero, kwa hiyo ukinunua, ingia BIOS pale pale dukani, kabla ya kulipa. Dell OptiPlex nyingi zina jampa, kipande kidogo kinachounganisha pini mbili, iliyoandikwa PSWD kwenye mazabodi, inayofuta nenosiri ikichomolewa kwa utaratibu uliopangwa. Si mashine zote zina huruma hiyo.

Kuna kusasisha BIOS yenyewe, yaani kuandika upya programu iliyo kwenye chipu. Chipu kuweza kuandikwa upya kuna upande wake mbaya: kirusi CIH, kilichoandikwa Taiwan, tarehe 26 Aprili 1999 kiliharibu BIOS za kompyuta nyingi duniani kwa kuzijaza takataka, zikawa haziwaki tena. Siku hizi hatari iliyo karibu zaidi ni umeme kukatika katikati ya kazi. Ikitokea hivyo, mashine nyingi zinakuwa mfu hadi chipu iandikwe kwa kifaa maalumu. Sasisha kama kuna sababu, mfano prosesa mpya isiyotambulika au tundu la usalama lililotangazwa na mtengenezaji, na usiguse bila UPS, ile betri ya akiba inayoshikilia mashine umeme ukikatika.

Ukishachanganyikiwa humo ndani, Esc na kukataa kuhifadhi kunakutoa bila madhara. Kuna pia kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, na watu hukishauri kama dawa ya kila kitu. Kina mtego wake kwenye kipengele cha SATA, kinachoamua mazabodi iwasiliane na diski kwa njia ipi, RAID au AHCI. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID. Fundi aliyekupigia Windows huenda aliweka AHCI. Ukirejesha ya kiwandani, inarudi RAID, na Windows inaanguka kwa skrini ya bluu ikiandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kurudisha AHCI kunatosha, ila lazima ujue ndiyo iliyokuwepo, kwa hiyo piga picha za kila ukurasa kwa simu kabla ya kugusa kitu.