Beetle Inayokataa Kuwaka Ikiwa ya Moto: Pima Swichi Kabla ya Kununua Stata

Wenye Volkswagen Beetle za zamani huja na malalamiko yaleyale: asubuhi gari linawaka bila shida, lakini likishakwenda mwendo mrefu na kuzimwa, ukizungusha ufunguo kunasikika mlio mmoja hafifu, au kimya kabisa. Mara nyingi stata imeshabadilishwa na fedha zimekwenda, ilhali hakuna aliyepima umeme unaoifikia.

Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma na stata haiko mbali nayo, lakini umeme wa kuiamuru solinoidi, yaani swichi ya sumaku inayoiwasha stata, huzunguka gari zima: huenda mbele hadi kwenye swichi ya taa, huingia swichi ya ufunguo kwa namba 30 (namba hizi ni za sehemu za kuunganishia waya), hutokea kwa namba 50, kisha hurudi nyuma. Kila kiungo njiani hula volti kidogo, na solinoidi huhitaji makumi ya ampea ili ikamate. Shaba nayo, kila inapopata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, huongeza ukinzani wake kwa takriban asilimia 0.4, hivyo koili ya solinoidi iliyo jirani na injini ya moto hudai volti ambazo swichi iliyochoka haiwezi tena kuzipitisha.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha mwombe mtu azungushe ufunguo huku mita yako ikiwa kati ya namba 50 ya stata na bodi ya injini. Betri ikisoma 12 na hapo pakasoma 8, volti 4 zimepotea njiani, na stata haina kosa. Rudia kipimo kwenye swichi, kati ya 30 na 50. Ikila zaidi ya nusu volti, imekwisha.

Ukiifungua, baada ya kuchomoa waya wa betri, utaona vipande vya shaba vimekuwa vyeusi na kuliwa pembeni, na plastiki inayovishika imelegea kwa joto. Sipendi kuvisugua kwa msasa, kwani nafuu yake haidumu. Kwenye Beetle zenye kufuli ya usukani, sehemu ya umeme hubadilishwa peke yake na ufunguo wako ukabaki uleule.

Baada ya hapo ninapendekeza relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, karibu na stata: waya uliotoka swichi uingie namba 86 ya relei, 85 iende kwenye bodi, 30 ipate umeme wa betri kupitia fyuzi, na 87 iende namba 50. Swichi sasa hubeba chini ya ampea 1. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, kwa hiyo relei iwe ya volti hizo. Relei isifungwe kuficha swichi mbovu, kwa kuwa swichi hiyohiyo ndiyo inayolisha pia koili ya kuwashia, na gari litakuja kuzima barabarani.

Namba 50 ikisoma vizuri na stata bado haizunguki, kagua mkanda wa ethi unaounganisha gia boksi na bodi, kisha bushi ya stata, yaani kipete kinachoshika ncha ya shafti yake.